Mama kamaliza mionzi ya nje, anaikataa ya ndani

Shikamooni washauri,

Mama yangu ana miaka 58, ni mjane, kwetu Tanga. Ana saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 2B (imeanza kuvuka mlango wa kizazi ila haijafika ukuta wa nyonga), na tumekuja jijini kwa matibabu. Amepigwa mionzi ya nje mara 25 na kuwekewa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, mara 5, kila wiki moja. Alianza siku ya Jumatatu akamaliza juzi Alhamisi, wiki ya sita. Siku 4 zilipotea katikati: mbili za sikukuu, na mbili za kusubiri kuongezwa damu baada ya hemoglobini kushuka hadi 7.8. Sasa iko 10.4. Ana kisukari, anameza metformini, na presha, anameza amlodipini.

Daktari amempangia mionzi ya ndani mara 4, kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia Jumanne hii. Mama amegoma. Anasema damu ilikata tangu wiki ya tatu, kwa hiyo amepona. Jirani yetu naye kamwambia ukishawekewa mionzi ndani hushiki mtoto wala hulali chumba kimoja na watu, na mama hawezi kukaa bila kumbeba mjukuu wake wa miezi 7. Halafu anaona aibu, maana amesikia unaingizwa vyuma ukiwa wazi mbele za watu. Mjomba anamuunga mkono. Binamu yangu aliyeko Marekani yeye anasema tuombe waongeze mionzi ya nje, basi, yaishe.

Naomba kujua: tukirudi kwanza nyumbani kupumzika wiki 1 au 2 kuna ubaya? Siku hiyo wanafanya nini hasa? Mtoto atadhurika? Na mama akizidi kukataa, mimi kama mwanawe mkubwa naweza kusaini badala yake?

Binti wa Tanga

*

Marahaba, binti. Mpe mama pole.

Leo ni Jumamosi. Ile Jumatatu aliyoanza ni siku ya 1, Alhamisi aliyomaliza ni ya 39, leo ni ya 41. Andika hesabu hiyo nyuma ya kadi yake ya kliniki, kwa sababu matibabu yote, ya nje na ya ndani, yanatakiwa yakamilike ndani ya wiki 8, yaani siku 56. Kwa ratiba mliyopewa, mama ataingia siku ya 44, 47, 51 na 54. Akiba yenu ni siku 2 tu. Mkienda Tanga wiki moja, mara ya nne inaangukia siku ya 61. Mkikaa wiki mbili, ni siku ya 68. Seli za saratani zilizojeruhiwa na mionzi bila kufa hazikai zikisubiri nauli ipatikane. Huanza kuzaliana upya, tena kwa kasi kuliko mwanzo. Tafiti zimeonyesha kwamba kila siku inayozidi muda huo hupunguza uwezekano wa kuidhibiti saratani ndani ya nyonga kwa kati ya nusu asilimia na asilimia 1. Kwa hiyo msiahirishe kwa sababu ya uchovu. Sababu za kuahirisha ni homa, damu kushuka tena, chembe sahani (zinazogandisha damu) kuwa chache mno, au jambo la kitabibu ambalo daktari mwenyewe ameliona.

Kukata kwa damu kumempa mama moyo, na ni haki yake afurahi. Lakini damu ile ilikuwa ikitoka kwenye mishipa midogo iliyo juujuu ya uvimbe, na hiyo husinyaa mapema, mara nyingi kati ya wiki ya pili na ya tatu. Chini yake kuna seli ambazo bado zina uhai. Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotelea njiani: wanaondoka wakiwa wamenenepa kidogo, hawatoi damu, hawana harufu, na miezi michache baadaye wanarudi na maumivu ya kiuno na mguu uliovimba. Wakati huo mionzi ya kuokoa inakuwa imeshatumika nusu, na ile nusu ya kwanza hairudiwi.

Maana ya nusu ni hii. Mionzi hupimwa kwa grei. Mara 25 za nje zimempa mama grei 45 au 50, kutegemea kama kila mara ilikuwa 1.8 au 2. Uvimbe wa namna yake unahitaji kufikishiwa zaidi ya grei 80, na vituo vingi hulenga 85. Zilizobaki haziwezi kutoka nje, na hapa tunamjibu binamu: mionzi ya nje, hata ile ya mashine za kisasa, lazima ipite kwenye utumbo, kibofu na rektamu (mwisho wa utumbo mpana) ndipo iufikie mlango wa kizazi, kisha iendelee upande wa pili. Utumbo mwembamba hauvumilii mengi zaidi ya hizo 50. Ukilazimisha, unachoma utumbo kabla hujaumaliza uvimbe.

Mionzi ya ndani inakwepa kikwazo hicho: punje ndogo inayotoa mionzi huwekwa palepale penye ugonjwa. Chukua mfano wa jiko la mkaa: ukisogeza mkono karibu unaungua, ukirudi hatua mbili unaota moto tu. Mionzi ya punje ndogo iko hivyohivyo, tena kwa hesabu kamili. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Ukiongezeka mara nne, hubaki moja ya 16. Mlango wa kizazi ulioikumbatia punje unapata dozi kubwa, na kibofu kilicho sentimita chache mbele kinapata kidogo. Mara 4 za grei 7 ni 28, ila kwa kuwa zinatolewa kwa mikupuo mikubwa, nguvu yake juu ya saratani ni sawa na grei 40 hivi za mikupuo ya kawaida. Jumlisha na zile 45 za nje, ambazo kwa kipimo hichohicho ni kama 44, unapata 84. Msishangae mkikutana na mgonjwa aliyepangiwa mara 3 za grei 8 au mara 5 za grei 6. Ni njia tofauti za kufika karibu na palepale.

Binamu pia anaishi katika nchi iliyokwisha kuona matokeo ya ushauri anaoutoa. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulikuta kwamba wagonjwa wa saratani hii waliokuwa wakipata mionzi ya ndani walipungua kutoka asilimia 83 mwaka 1988 hadi 58 mwaka 2009. Walipolinganishwa, waliokuwa hai baada ya miaka 4 walikuwa kama 58 katika kila 100 waliopata mionzi ya ndani, na 46 tu katika 100 waliopata ya nje peke yake. Kuongeza mionzi ya nje ni njia ya mwisho kabisa, kwa mgonjwa ambaye kweli kifaa kimeshindwa kuingia. Na hata huyo, kama kituo kina utaalamu huo, hujaribiwa kwanza sindano maalumu zinazopenyezwa kwenye uvimbe wenyewe. Upasuaji nao, kwa hatua ya 2B iliyokwisha kupigwa mionzi, si mbadala.

Sasa mjukuu. Jirani hakusema uongo, ila kasimulia tiba nyingine. Zipo tiba ambazo mgonjwa huondoka na mionzi mwilini. Anayemeza iodini-131 kwa saratani ya tezi la shingo hutoa mionzi kwa siku kadhaa, kwa hiyo hujitenga na watoto na wajawazito. Mwanamume aliyepandikizwa vipunje vya iodini-125 kwenye tezi dume hubaki navyo maisha, na kwa kuwa nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 60 hivi, huambiwa asipakate watoto miezi 2 ya mwanzo. Na zamani, hata kwa saratani hii ya mlango wa kizazi, mgonjwa aliwekewa mirija ya sesiamu akalala nayo siku 1 hadi 3 ndani ya chumba peke yake, na chakula alisukumiwa kutoka nyuma ya ngao ya risasi. Inawezekana hilo ndilo lililosimuliwa hadi likafika kwa jirani.

Aliyopangiwa mama, ya kuja na kurudi siku hiyohiyo, ni tofauti. Punje inaingia, inakaa dakika chache, inavutwa kurudi kwenye kasha lake. Ikishatoka imetoka yote. Mkojo wake, jasho lake, nguo zake, damu itakayomdondoka, havina mionzi. Jioni hiyohiyo ambebe mjukuu, alale naye chumba kimoja. Kama atakuwa amechomwa dawa ya usingizi, jioni ya kwanza abebe akiwa amekaa, maana miguu huwa bado mizito. Hiyo ndiyo tahadhari pekee kuhusu mtoto.

Sasa siku yenyewe. Tutaieleza taratibu, kwa sababu aibu na hofu ya mama inatokana na kutojua nani anafanya nini na kwa muda gani.

Jumatatu ale vyakula laini, aache maharage na kabichi, kwa kuwa gesi huvimbisha utumbo na kuusukuma karibu na punje. Usiku atapewa dawa ya kulainisha choo au enema, yaani maji ya dawa ya kusafisha choo yanayoingizwa kwa nyuma. Asiikwepe, rektamu iliyojaa inapigwa mionzi mingi kuliko iliyo tupu. Chakula cha mwisho kisizidi saa 6 usiku. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka saa 2 kabla ya ganzi, lakini aulizwe mtaalamu wa usingizi. Kwa kuwa asubuhi hali kitu, metformini kwa kawaida haimezwi asubuhi hiyo, ataimeza atakapokula. Amlodipini humezwa kama kawaida kwa funda la maji. Hayo mawili myahakikishe Jumatatu kwa simu au kliniki, na mwambieni muuguzi wa zamu mapema kwamba ana kisukari ili awekwe wa mwanzo kwenye foleni. Mgonjwa wa sukari aliyefunga hadi saa 8 mchana ni balaa lisilo la lazima. Kama anameza aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, iseme. Kama anatumia dawa za kufubaza virusi, asiziache hata siku moja. Hazigombani na mionzi.

Avae dera au gauni linalovulika kirahisi. Beba khanga mbili, pedi, chupi isiyobana, shuka, na chakula chake cha baadaye. Kucha zisiwe na rangi wala piko, maana kile kibanio cha kidoleni husoma oksijeni kwa kupitisha mwanga kwenye ukucha, na rangi nzito hukidanganya.

Akifika atapimwa presha, sukari na damu. Vituo vingi hupenda hemoglobini iwe 10 au zaidi. Yake ya 10.4 inatosha lakini si ya kujivunia, kwa hiyo siku hizi ale maini, dagaa na mboga za majani, na kipimo kirudiwe. Kisha ataingizwa chumba cha utaratibu. Hapo huwa daktari, muuguzi, na mtu wa usingizi. Mama ana haki ya kuomba muuguzi mwanamke awe kichwani pake muda wote, na kuomba wasiohusika watoke. Aombe kabla ya kulazwa kitandani. Ganzi hutofautiana kituo na kituo: wengine huchoma ganzi ya mgongo, wengine dawa ya usingizi mwepesi pamoja na ya maumivu. Ulizeni ni ipi. Kama jibu ni kidonge cha maumivu peke yake, ombeni zaidi, kwa sauti ya adabu lakini ombeni. Kupanua mlango wa kizazi bila dawa ya maana kunauma, na mgonjwa aliyeumizwa mara ya kwanza ndiye hukimbia mara ya pili.

Atawekwa miguu juu kama anayejifungua, afunikwe khanga au shuka sehemu nyingine zote, asafishwe, awekewe mpira wa mkojo. Daktari atatumia kijiti chembamba chenye alama za sentimita kupima urefu wa mfuko wa uzazi, mara nyingi 6 hadi 8. Atapanua mlango kidogo kidogo, kisha aingize mrija mwembamba uliopinda, ambao hukaa ndani ya mfuko wa uzazi. Pembeni yake, juu kabisa ya uke, huwekwa vichwa viwili vya mviringo au pete moja, na vyote hufungwa pamoja visicheze. Hivyo ndivyo vile "vyuma". Vinapowekwa ni mirija mitupu, haina mionzi hata chembe, ndiyo maana watumishi wanavishika kwa glavu za kawaida.

Hatua inayofuata haizungumzwi sana, nasi tunaiona ndiyo inayoonyesha ufundi: gozi ndefu, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, husindikwa mbele na nyuma ya kile kifaa, kusukuma kibofu mbele na rektamu nyuma. Kila milimita inayopatikana hapo inapunguza dozi kwenye viungo hivyo. Gozi iliyowekwa kivivu leo inaweza kuwa choo chenye damu mwakani. Kazi yote hii huchukua dakika 20 hadi 45.

Kisha picha: eksirei au CT, pale palipo na uwezo MRI. Halafu kusubiri, saa moja au mbili, mtaalamu wa fizikia na daktari wakipanga kompyutani punje isimame wapi na kwa sekunde ngapi. Hapa ndipo kazi ya mama ilipo. Asinyanyue makalio, asijigeuze, asijaribu kukaa. Mrija ukiteleza sentimita 1 baada ya picha, mpango wote uliochorwa unakuwa wa mtu mwingine. Mgongo ukiuma au baridi ikimshika aseme, afunikwe na aongezwe dawa. Akihisi kitu kimesogea, aseme pia, hata kama anaona atasumbua watu, picha itarudiwa.

Mwisho anaingizwa chumba chenye kuta nene za zege. Mirija inaunganishwa na mashine. Kwanza waya mtupu hutumwa kukagua kama njia iko wazi, ndipo punje inafuata: kipande cha iridiamu chenye urefu wa milimita 3.5 hivi na unene usiofika milimita 1, kimeshikizwa ncha ya waya. Watumishi hutoka, lakini wanamwona kwa kamera na wanasikilizana naye kwa spika. Atasikia mashine ikinguruma na kugonga kidogo. Mionzi yenyewe haihisiwi: haiumi, haina joto. Dakika 5 hadi 20, imekwisha.

Dakika hizo msizifanye kipimo cha upendeleo. Iridiamu hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya siku 74, kwa hiyo dozi iliyochukua dakika 7 chanzo kikiwa kipya huchukua 14 miezi miwili na nusu baadaye. Dozi ni ileile. Ndiyo maana chanzo cha iridiamu hubadilishwa kila miezi 3 au 4, na ndiyo maana vituo vya nchi zetu, vilivyochoka kusubiri mizigo ya mionzi bandarini na uwanja wa ndege, vingi vimehamia kobalti-60, ambayo hupungua nusu kwa zaidi kidogo ya miaka 5. Kwa mgonjwa, tofauti hapo haipo.

Punje ikisharudi, mtumishi ataingia na kipima mionzi mkononi kuhakikisha chumba ni salama. Kisha gozi na kifaa hutolewa, pembeni kukiwa na muuguzi anayehesabu gozi zilizoingia na zilizotoka. Kutoa gozi ndiko wanawake wengi husema kuliwauma kuliko kuweka, kwa kuwa ganzi imeshaisha. Omba dawa ya maumivu nusu saa kabla, isiwe baada. Atapumzika, atakula, atakojoa mwenyewe ndipo aruhusiwe. Ukijumlisha yote, ni saa 4 hadi 6, na sehemu ya kuwa wazi mbele ya watu ni chini ya saa moja.

Yanayoharibika ni machache, lakini afadhali myajue. La kwanza ni mrija kutoboa ukuta wa mfuko wa uzazi. Hutokea zaidi kwa waliokoma hedhi, ambao mfuko umesinyaa na njia imezibwa na uvimbe. Kumfuatilia kwa ultrasaundi wakati wa kuingiza hupunguza hatari hiyo sana. Ulizeni kama inatumika. Ikitokea, kifaa hutolewa, mgonjwa hupewa antibayotiki, na kifaa hurudishwa baada ya siku chache. Kwa kawaida tundu hujifunga lenyewe. Hapo ndipo zile siku 2 za akiba zitaliwa, na ndiyo sababu nyingine ya kutozichezea sasa. La pili ni njia kutoonekana kabisa siku ya kwanza. Si mwisho wa safari: daktari mwenye uzoefu zaidi akiwa na ultrasaundi mara nyingi huipata. La tatu ni punje kukwama isirudi, jambo la nadra sana. Mashine ina kengele, betri ya dharura na mkono wa kuzungushia, na watumishi wana zoezi la kuchomoa kifaa chote na kukitumbukiza kwenye chombo cha risasi kilicho palepale chumbani.

Nyumbani, kwa maana ya mlipofikia jijini, atadondokwa na damu kidogo au ute wa rangi ya udongo siku 2 au 3, na mkojo utawasha. Anywe maji lita 2 kwa siku kama figo na moyo ni vizima. Asijisafishe kwa kuingiza vidole, ndimu, shabu wala majani ya aina yoyote, hata aliyeleta akiwa shangazi. Homa ya 38 au zaidi, tumbo kuuma na kukaza, au damu inayoloweka pedi nzima ndani ya saa moja, ni kurudi hospitali muda huohuo, usiku uwe usiku. Na msisafiri Tanga kati ya Jumanne na Ijumaa. Basi halitamdhuru kwa mionzi, ila akipata homa njiani mko mbali na watu wanaojua nini kimefanyika ndani yake, na gari likiharibika mnapoteza zamu. Muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali Jumatatu kuhusu malazi ya hizo wiki mbili. Kazi hiyo ni yake.

Kuna jambo hukuliuliza kwa sababu hakuna aliyewaambia. Baada ya mionzi hii uke hujikunja, hukauka, na kuta zake zaweza kugandana. Kwa mjane watu hudhani haimhusu. Inamhusu sana: daktari asipoweza kupitisha spekulamu, kile chombo cha kufungulia uke, hawezi kuona kama saratani inarudi. Wiki 4 hivi baada ya mara ya mwisho, akiruhusiwa kliniki, aanze kutumia kipanuzi, kile cha plastiki laini chenye umbo la kidole, kwa jeli ya maji, dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa wiki. Mafuta ya nazi na losheni aache. Kipanuzi kikikosekana, kidole chenye glavu safi na jeli kinafaa. Iwe desturi ya miaka, si ya mwezi mmoja. Kama wewe unaona haya kumweleza mama, na ni kawaida, mtafute muuguzi mtu mzima au mama yako mdogo akae naye faragha. Kwa msomaji mwenye mume: baada ya hizo wiki 4, na kidonda kikiwa kimepona, tendo la ndoa linaruhusiwa. Mume haambukizwi saratani wala mionzi.

Kliniki baadaye ni kila miezi 3 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi miaka 5. Madhara ya mionzi yanayochelewa hujitokeza kuanzia miezi 6 hadi miaka 2 au 3: damu kwenye choo, damu kwenye mkojo, kwenda haja mara kwa mara. Mengi hutibika. Lakini daktari yeyote atakayemwona Tanga kwa tatizo hilo aambiwe kwanza kwamba huyu alipigwa mionzi ya nyonga, kabla hajakata kinyama cha rektamu kwa ajili ya kipimo. Kidonda cha kipimo mahali palipopigwa mionzi kinaweza kukataa kupona, kikageuka tundu kati ya rektamu na uke. Kwa hiyo ombeni muhtasari wa matibabu wa maandishi, wenye grei alizopata nje na ndani na tarehe zake, na mbaki na nakala.

Kuhusu kusaini: hapana, binti. Mama ana akili zake timamu, kwa hiyo sahihi ni yake, na kukataa pia ni kwake. Mjomba naye hana sahihi humo. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha anachokikataa ndicho kilichopo. Jumatatu mpeleke kliniki, wewe na yeye, mjomba akitaka aje. Omba aonyeshwe kile kifaa akishike kwa mkono wake, aone unene wa ule mrija, aone chumba na kamera. Aulize mwenyewe habari ya mjukuu, ajibiwe na mtu wa hospitali badala ya wewe. Mwonyeshe na ile hesabu ya siku. Akisema hapana baada ya hapo, mwombe aiseme kwa daktari, iandikwe, na daktari amweleze ana mpaka siku gani kubadili nia. Akisema ndiyo, awe mlangoni Jumanne saa 1 asubuhi, hajala, na khanga zake mbili.